Figo Zangu na Mzee Tuliyemshuku

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa fundi viatu. Nilikuwa nimempelekea viatu vyangu vya kazi avitie soli mpya, na nilipokwenda kuvichukua havikuniingia. Nikamwambia amenibadilishia. Akavigeuza, akanionyesha jina langu nililoliandika ndani kwa kalamu, halafu akanitazama miguuni.

"Boss, kiatu ni ile ile," akasema. "Angalia mguu."

Niliketi kwenye kreti yake nikabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa, likachukua muda kujaa. Niliishusha suruali haraka asione. Hata hivyo nilikwenda nyumbani bado nikimlaumu yeye.

Naitwa Otieno. Nakaa mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, na mke wangu Nekesa na binti zetu wawili. Kazi yangu ni kurekebisha mizani: ya wauza nyama, ya maduka ya nafaka, na ile mikubwa ya kupimia magunia huko Sugoi mahindi yakivunwa. Ni kazi inayomfundisha mtu kutoamini. Nimefungua mizani nikakuta sumaku, nikakuta vipande vya risasi, nikakuta waya umekunjwa na mtu anayeongoza maombi kanisani. Kwa hiyo mwili wangu ulipoanza kunigeuka, nilifanya ninachofanya kazini. Nilitafuta ni nani aliyeuchezea.

Ninayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii ameambiwa figo zake zimechoka, na sasa ameketi kwenye benchi akijiuliza ni nani aliyemfanyia. Benchi hilo nimelikalia. Muda niliopoteza hapo nikihesabu maadui sitarudishiwa.

Ilikuwa wakati wa palizi. Mkojo wangu ulikuwa na povu kama maji ya kufulia. Asubuhi macho yalifura hadi binti yangu mdogo akaniuliza kama nimelia. Chakula chote kilikuwa na ladha ya shaba. Nekesa alipoona nakataa kwenda hospitali, alimpigia mama yangu simu kijijini, upande wa Siaya, na baada ya siku mbili Mama akawa mlangoni na mkoba wake. Hakunisalimu. Aliuweka mkoba chini akaniangalia uso.

"Huo ni uso wa baba yako," akasema.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao mjini. Mwenzake wa msumeno alikuwa mtu wa kabila jingine, wa Kiplombe nje ya mji, aliyeitwa Kosgei, na wawili hao walikuwa kama pacha. Saa nne kila siku Kosgei alifungua kibuyu chake cha mursik, maziwa yaliyoganda na kutiwa majivu ya mti, wakanywa kwa kikombe kimoja. Nilipokuwa darasa la sita Baba alianza kuvimba, miguu kwanza, kisha tumbo, kisha uso. Alikufa kabla mahindi hayajakauka shambani.

Mama hakuona ugonjwa. Aliona kibuyu. Na Kosgei alipokosa kufika mazishini, kwake hiyo ikawa hukumu. "Mtu mwenye mikono safi huja kuzika," alisema, na ndugu zake wakaitikia. Tangu hapo nikikutana na Mzee Kosgei mjini nilivuka barabara. Zikaja zile siasa za kikabila za Uasin Gishu ambapo majirani waliacha kusalimiana, na Mama akawa anasema, "Mnaona sasa?" utadhani nyumba zilizochomwa zilikuwa ushahidi wa kile kikombe.

Sasa alikuwa ameketi sebuleni kwangu, sauti chini, macho jikoni ambako mke wangu alikuwa akisonga ugali.

"Unakula kwa nani, nyathina, mwanangu?"

"Kwangu, Mama."

"Na chai ya saa nne? Na maziwa ya hapa nyumbani, inaletwa na nani?"

Maziwa yaliletwa na mama mmoja wa Kiplombe, miaka sita mfululizo, hajawahi kukosa hata siku ya mvua ya mawe. Kesho yake nilimwambia asirudi. Alisimama langoni na mtungi wake akangoja sababu, sikumpa.

Nisingependa kulisema jambo linalofuata, lakini nimeahidi kusema yote. Nilianza kumngoja Nekesa ale kwanza. Anapakua, ananiwekea, nami najifanya natafuta simu mpaka ameze tonge la kwanza. Siku ya tatu aligundua.

"Mbona huli?"

"Anza tu wewe."

Aliweka kijiko chini polepole. "Otieno, mimi nimekuwa wa kuonjeshwa sumu?"

Alikula sahani yake yote, akaivuta yangu, akaimaliza nayo, macho yake usoni pangu bila kupepesa. Kisha akaosha vyombo. Tangu siku hiyo alipakua chakula kwa sufuria moja, akaiweka katikati ya meza, akatoka chumbani. Tuliishi hivyo miezi kadhaa, watu wawili waliowahi kushiriki hata mswaki safarini.

Nilianguka Sugoi, kwenye ghala la mkulima mmoja, mwanzo wa mavuno. Nilikuwa nabeba jiwe la kupimia, jiwe ninalolibeba kila siku, pumzi ikakata kana kwamba nimezamishwa majini. Yule mkulima alinilaza nyuma ya pikapu yake juu ya magunia akanikimbiza mjini. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza alichonipa kunywa asubuhi ile kilikuwa nini. Yalikuwa maji ya mtungi. Alikunywa kabla yangu.

Hospitali waliniambia figo zote mbili zilikuwa karibu zimesimama. Wakaniingiza mrija shingoni, na jioni hiyohiyo damu yangu ikaanza kuzunguka kwenye mashine, ikitoka na kurudi. Nikapewa siku zangu: Jumanne na Ijumaa.

Asiyejua atadhani kinachouma ni sindano. Kinachouma ni kungoja. Tunangoja kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, na baridi ya Eldoret ya asubuhi huingia chini ya mlango. Kila mtu ana blanketi lake na kikopo chake. Unapimwa uzito ukiingia na ukitoka, ili wajue maji kiasi gani yametolewa. Wiki ya kwanza nilishuka kwenye mizani yao nikainama kuikagua chini. Nesi aliyekuwa zamu, Jeruto, alinitazama tu.

"Umepata nini?"

"Bado," nikasema.

Maji niliruhusiwa kikombe na nusu kwa siku nzima. Nilijifunza kunyonya kipande kidogo cha barafu. Ngozi ilikuwa nyeusi zaidi na iliniwasha hadi nikawa najikuna kwa mgongo wa kitana. Ndizi zikakatazwa, parachichi pia, na maharagwe yakawa ya kuonja tu. Nekesa, ambaye sikuwa nimemwomba radhi, alikata viazi vidogo vidogo, akavichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena, maana nesi alimwambia hivyo ndivyo chumvi mbaya hutoka. Alinionea huruma kabla ya kunisamehe. Na mzee mmoja aliyekuwa kitanda cha pili aliona natetemeka, akanitupia nusu ya blanketi lake bila kukatisha kusoma gazeti. Rehema zenyewe ni ndogo hivyo. Ukingoja kubwa utazipita.

Shaka ya pili ilinipata nyumbani nikipanga makaratasi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepimwa afya kwenye kliniki moja ya mtaani kwa ajili ya kazi. Nilikuta ile karatasi. Kwenye mstari wa figo kulikuwa na namba mbili: moja kwa mtu mweusi, nyingine kwa asiye mweusi. Ile ya mweusi ilikuwa juu zaidi, nayo ndiyo mtu alikuwa ameizungushia kalamu. Aliniambia niko sawa, niende nyumbani.

Niliipeleka kwa daktari wetu, mwanamke kijana asiyeongea mengi.

"Daktari, mwili wangu ni mmoja. Namba mbili ni za nini?"

Aliisoma, akashusha pumzi. "Hiyo hesabu ilitengenezwa ng'ambo. Walipima watu weusi wa kwao, wakaona namba yao iongezwe kidogo. Halafu ikaletwa huku vile ilivyo. Sisi tumeiacha."

"Kwa hiyo mizani ilikuwa mbovu."

"Ilirekebishiwa watu wengine."

"Wangetumia hii ya chini, ningefika hapa mapema?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli. "Labda. Siwezi kukuapia. Wangekuuliza maswali zaidi, hiyo najua."

Jibu hilo lilikuwa la haki, na lilinikasirisha kuliko uongo.

Kwa hiyo Jeruto alipokuja kando ya mashine yangu wiki iliyofuata na fomu, nilikuwa tayari. Alisema ni ya utafiti wa jeni za figo, si lazima, mtu anaweza kukataa. Aliketi, akatoa kofia ya kalamu.

"Kabila ya baba?"

Nikaitazama ile kalamu.

"Ya mama? Halafu babu na nyanya, pande zote mbili."

"Ya nini?"

"Wanataka kujua ugonjwa unaenda aje kwa watu tofauti."

Watu tofauti. Anayetoka nje ya mji huu hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Najua nyumba ambazo swali hilo lilifika mlangoni kabla ya moto. Jina la Jeruto lilinieleza anatoka upande wa akina Kosgei, na langu lilimweleza natoka wapi, naye alikuwa na kalamu, nami nilikuwa nimefungwa kwenye mashine kwa damu yangu mwenyewe. Nikawaza: wakishajua, nani atapewa kitanda kwanza? Damu itapelekwa wapi? Mara ya mwisho walipotupanga kwa rangi, namba yangu ilipandishwa nikarudishwa nyumbani.

"Nipe niandike mwenyewe," nikasema.

Kwenye visanduku vyote sita niliandika: Mkenya. Kwenye swali kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua figo au kuvimba, niliandika: Hakuna.

Sikuona kama nadanganya. Kwetu Baba hakuugua. Baba alilishwa.

Krismasi ilipita. Dada yangu Atieno, anayenifuata kwa kuzaliwa, ana saluni Langas na mdomo usio na kufuli. Alikuja kuniona siku moja mashine ikiwa katikati ya kazi yake, akavuta kiti.

"Niko na mbili," akasema. "Hii ingine ni ya nini?"

"Atieno, wacha mchezo."

"Nimeshaongea na daktari wako. Wewe ndio unachelewa."

Kundi la damu likalingana. Mama aliimba jikoni kwa mara ya kwanza tangu aje. Mimi na Nekesa tukala mezani pamoja, tukiwa tumekaa kama wageni. Nilimwambia siku hiyo kwamba nilimkosea. Alisema, "Najua ulinikosea. Kula." Sikupata msamaha mwingine zaidi ya huo, nao umenitosha.

Kisha daktari akasema kabla ya kuendelea anataka kupima jeni zetu, mimi na Atieno. Mama aliacha kuimba.

"Wameshachukua damu ndoo nzima," akasema. "Wanatafuta nini ambacho hawajaona?"

Nilikuwa upande wake. Nilimwambia Atieno asisaini. Nilimwambia hawa watu wanatafuta sababu ya kutunyima, kwamba mtu akikupima mara ya tatu bila kueleza, ujue anatafuta namba anayoitaka. Dada yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu.

"Mimi si gunia, Otieno. Hunipimi wewe."

Na daktari alipomuuliza kuhusu familia, alijibu papo hapo, mbele yangu: "Baba yetu alivimba akafa. Na dada ya baba yake pia, hivyo hivyo."

Daktari alifungua faili langu. Alichukua muda juu ya karatasi moja.

"Hapa wewe uliandika hakuna."

Jeruto, aliyekuwa dirishani akiandika, hakuinua kichwa.

Majibu yalichukua muda mrefu. Mashamba yakalimwa, mvua ya kwanza ikanyesha, watu wa Sugoi wakaanza kupanda. Tuliitwa kwenye chumba kidogo wote: mimi, Nekesa, Mama na Atieno. Daktari alizungumza polepole, kwa Kiswahili, akimwangalia Mama.

Alisema kuna jeni ambayo katika baadhi ya watu ina umbo tofauti. Kila mtu hupewa nakala mbili, moja kutoka kila mzazi. Mwenye nakala moja ya umbo hilo kwa kawaida hapati shida. Mwenye mbili anaweza kuishi salama hadi uzee, au figo zikaumia. Mimi nilikuwa na mbili.

"Na Atieno pia ana mbili," akasema. "Na mkojo wake una protini, kidogo tu. Siwezi kuruhusu atoe figo. Anazihitaji zote."

Wa kwanza kusema nilikuwa mimi, na nilichosema ni aibu. Niliuliza ni nani aliyeshika chupa za damu. Niliuliza kama zinaweza kuwa zimebadilishwa. Nilitaka zipimwe tena. Nilitegemea akasirike ili nijue anaficha kitu. Hakukasirika. "Tutapima tena," akasema. "Ni haki yako." Zilipimwa tena baadaye, na jibu likawa lile lile.

Lakini siku ile Mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Hizo mbili zimetoka wapi?" akauliza.

"Moja kwa baba yao, moja kwa mama."

"Mama yupi?"

Daktari alisita. "Wewe, Mama."

Mama alivuta leso yake mabegani kana kwamba baridi imeingia. Daktari akasema haraka kwamba si kosa la mtu, kwamba inaaminika jeni hiyo iliwakinga watu wa kale dhidi ya malale, walipokaa sehemu zenye mbung'o. Mama aliitikia kwa kichwa akasema nyanya yake alimsimulia juu ya vijiji vilivyohamwa kando ya ziwa, watu wakilala hawaamki.

"Kwa hiyo ni ya Wajaluo," nikasema. Shaka zangu zilikuwa bado zinatafuta pa kushika.

"Haisomi kitambulisho," daktari akajibu. "Iko kwa makabila mengi, nchi nyingi. Kwingine watu wengi wanayo, kwingine wachache, na huku kwetu bado hatujui vizuri, kwa sababu hesabu nyingi zilifanywa kwingine. Ndiyo sababu tuliuliza wazee wako ni wa wapi. Hatukuuliza ili tujue utapiga kura aje."

Atieno alilia, si kwa ajili yake. Alilia kwa sababu alikuwa ameshanipa kitu, naye sasa alirudishiwa. Nilimshika mkono na nikafikiria jambo ambalo bado hunitoa jasho: kama angesikia maneno yangu, kama asingesaini na upasuaji ukaendelea, angekuwa sasa na figo moja, mbovu, na mimi na nyingine, mbovu. Ile damu niliyoishuku ndiyo iliyomwokoa.

Ijumaa hiyo nilimwomba Jeruto fomu mpya. Nikamtajia baba, mama, babu na nyanya zangu, pande zote, na kijiji cha kila mmoja. Aliandika. Alipofika mwisho akasema, bila kuniangalia, "Hata mimi nilijaza hii. Nilikwama hapo hapo ulikwama."

Naendelea na mashine. Mrija wa shingoni uliondolewa, sasa nina mshipa uliounganishwa mkononi, na nikiuweka sikioni unavuma kama redio iliyokosa stesheni. Atieno anakunywa vidonge, anapimwa kila baada ya miezi michache, na mdomo wake haujapungua. Binti zangu tumeambiwa watapimwa wakiwa wakubwa, wakitaka wenyewe. Nimerudi kazini siku tatu kwa wiki. Kama una ndugu aliyevimba akafa na mkaambiwa amerogwa, au amelishwa, nenda ukamtaje kwa daktari. Mtaje kwa jina. Sina ushauri mwingine ninaouamini zaidi ya huo.

Lakini bado kulikuwa na Kiplombe.

Mama ndiye aliyesema. Ilikuwa Alhamisi, asubuhi, chai mezani. "Nipeleke kwa Kosgei." Njia nzima alikuwa akinong'ona Kijaluo peke yake, akipanga maneno. Tulimkuta nyuma ya nyumba akikatakata majani ya ng'ombe, amekonda, meno machache, lakini mabega bado ya mtu wa mbao. Alinyanyuka. Alimjua mara moja.

"Mama Otieno," akasema.

"Chamgei, Mzee," nikasalimu.

"Chamgei." Akatuonyesha benchi. Mke wake akaleta chai, akarudi ndani.

Maneno yote aliyoyapanga Mama yalimpotea. Alisema tu, "Kosgei, mimi nilisema ni wewe."

"Najua. Kiwanda yote ilijua."

"Haikuwa wewe."

"Hiyo pia najua."

Nilimweleza mimi: damu ya Baba, yangu, ya Atieno, nakala mbili. Alisikiliza akiifuta panga kwa nyasi.

"Kwa hiyo ilikuwa ndani yake," akasema.

"Ndani yake na ndani yangu," Mama akajibu.

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Basi na mimi niseme. Mimi nilidhani ni wewe."

Mama aliinua uso.

"Alikuwa anakuja kazi anasema chakula ya nyumbani haina chumvi, imewekwa dawa chungu. Nikaanza kujiuliza. Halafu akalazwa, nikaja kumwona, ukaambia askari wa lango nisiingie. Nikasema, mwanamke anaficha mgonjwa, anaficha nini? Ndio sikuja matanga. Niliogopa nikikuja nitasema mbele ya watu."

"Ilikuwa miti shamba," Mama akasema. "Nilitaka uvimbe ushuke. Nilikuwa namtibu, Kosgei."

"Sasa ndio najua."

Kuku walipita kati yetu. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nafurahi hata, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamekosea sawasawa. Kisha Mzee akauliza, kwa sauti nyingine, "Nilikuja hiyo lango mara tatu. Yeye alijua?"

Mama angeweza kusema ndiyo. Nilitamani aseme ndiyo. Hakuna aliyebaki hai wa kumpinga.

"Aliuliza," akasema. "Kila siku aliuliza kama Kosgei amekuja. Nikamwambia hujakuja."

Mzee aliweka panga chini. Alitembea hadi kwenye boma la ng'ombe akasimama pale, mgongo kwetu, mikono juu ya mbao. Alikaa hivyo mpaka chai yetu ikaota utando. Nilimgusa Mama nikamwambia twende.

"Siendi," akasema. "Akitaka kunifukuza, anifukuze akiniangalia."

Hakumfukuza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtazama Mama. Alinitazama mimi, akanisoma uso, akashuka hadi mkononi penye bandeji.

"Na wewe, hiyo mashine unawekwa siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa, Mzee."

"Wanaruhusu mtu kukuona?"

"Wanaruhusu."

"Asubuhi ama mchana?"

"Asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua panga, akaendelea na majani yake. Tuliaga, akaitikia bila kugeuka.

Kesho yake nilifika hospitali na Mama, ukungu ukiwa bado haujainuka. Mzee Kosgei alikuwa amesimama langoni katika koti lake la Jumapili, askari akimwuliza jina la mgonjwa na uhusiano wao, naye hajui amjibu nini. Mama aliachia mkono wangu, akatembea mbele yangu haraka kuliko nilivyomwona akitembea miaka mingi, akasimama kati yao.

"Huyu ni wetu," akamwambia askari. "Mwache aingie."